Hedifoni za Mke Wangu Mvuani

Jumatatu, 4 Aprili

Kifurushi kimefika. Si changu, ni cha mke wangu. Kaka yake, yaani shemeji yangu anayefanya kazi melini, amemtumia hedifoni. Nyeusi, za kukunja, zina mito ya masikio laini kama shavu la mtoto mchanga. Zimekuja na kasha lake, kitambaa chake cha kufutia, na kijitabu cha maelezo kinene kuliko mkataba wangu wa kazi. Kitu cha bei mbaya. Shemeji hakusema bei, lakini kasha lenyewe lilikuwa ndani ya kasha jingine.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele, na cherehani yake inanguruma kutwa. Shemeji ameandika kwamba dada yake asikilize tamthilia zake za redio kwa raha bila kelele ya mashine. Nimezijaribu kidogo alipokuwa anampima mteja. Upande wa kulia kuna kitufe. Ukikibonyeza, dunia inanyamaza. Cherehani kimya, jirani kimya. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kwa wiki mbili na sasa ni wiki ya tano, naye kimya. Nilimwona anafumbua na kufumba mdomo kama samaki. Nikamwitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. Baadaye nikagundua nimekubali kupaka rangi jiko.

Habari ya kazini ni kwamba msimamizi wetu anastaafu. Nafasi yake ina meza, dirisha na kiti kinachozunguka. Miaka kumi na minne mimi nasoma mita za maji nyumba kwa nyumba, juani na mvuani, na makalio yangu hayajawahi kukutana na kiti cha namna hiyo. Wanaofikiriwa ni wawili: mimi na Profesa. Si profesa wa chochote. Ni msoma mita kama mimi, ila anavaa miwani na kusema "kimsingi" katika kila sentensi.

Mkuu wa kituo, mwanamke makini asiyecheka hovyo, ametuambia atamteua mtu anayekwenda na wakati. Profesa ana tableti. Mimi nina kalamu iliyofungwa kamba ili isipotee.

Nimeziangalia zile hedifoni juu ya meza ya cherehani. Kitu kama kile kukaa ndani ya chumba kimoja na pini na vifungo, kwa kweli ni kukionea.

Jumanne, 5 Aprili

Asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba hedifoni mpya lazima zipelekwe kwa fundi wa simu zifunguliwe akili kabla ya kutumika, la sivyo zinakufa mapema. Akauliza nani kasema. Nikasema imeandikwa kwenye kijitabu. Kijitabu kina lugha tisa, hakuna mwenye subira ya kubishana nacho. Akasema sawa, ila nihakikishe hazipigwi na mvua. Nikaapa. Mawingu yalikuwa yamekaa vibaya, lakini kiapo kilihusu mvua, hakikuhusu mawingu.

Leo ni ushindi mtupu. Kwa kawaida wateja wakiniona tu wanaanza: maji yanatoka machafu, maji hayatoki, mita inakimbia kuliko maji yenyewe. Leo nilipita na hedifoni kichwani, uso nimeukaza, na hakuna aliyethubutu. Walidhani naongea na makao makuu. Muuza vipuri, ambaye kila mwezi huniacha nihangaike peke yangu, leo ameinuka mwenyewe kuiondoa pikipiki yake juu ya mita. Bibi mmoja alisimama mlangoni akingoja nimalize mazungumzo ndipo anisalimie. Nilikuwa nasikiliza kocha wa mpira akieleza kwa nini wamefungwa.

Kasoro ndogo ilitokea kwenye nyumba yenye geti la kijani. Mbwa wa pale huwa namsikia tangu kona, nikajiandaa. Leo dunia ilikuwa imenyamaza. Nilimgundua alipokuwa tayari ndani ya suruali yangu. Mita tatu za mwisho nimezisoma nikitembea kiupandeupande kama kaa, mgongo ukutani.

Saa nane yakaanza manyunyu. Matone yakidondokea hedifoni, ndani yake unasikia kama mtu anakaanga kitu. Hazikulowa sana. Nilizifuta kwa kitambaa chake, kisha kwa shati, kisha kwa pazia la ofisi. Profesa akaniuliza kama kimsingi siku hizi nimekuwa rubani. Wenye wivu hawakosekani. Mkuu wa kituo naye alipita, akanitazama kichwani kwa sekunde tatu nzima. Katika miaka yote hajawahi kunipa zaidi ya moja.

Jioni mke wangu akauliza kama fundi amemaliza. Nikamwambia akili ya zile hedifoni ni kubwa, inahitaji siku tatu.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua kijitabu. Ukurasa wa nne kuna picha ya tone la maji lililokatwa na mstari mwekundu. Nimelitafakari sana tone lile. Nimeamua maana yake ni usizitumbukize. Sikuwa na mpango wa kuzitumbukiza.

Nikabuni kinga. Bafuni imetundikwa kofia ya kuogea ya mama mkwe, ya nailoni, yenye maua ya waridi. Nikaivaa juu ya hedifoni. Juu yake nikavaa mfuko wa plastiki. Kidevuni nikafunga kamba ya kalamu. Nikajitazama kwenye kioo, sikuona tatizo.

Tatizo lilikuwa upepo. Nilipofika kwenye ile barabara ya mlimani, upepo uliingia chini ya mfuko, mfuko ukajaa, ukanivuta kidevu juu kama mtu anayeulizwa swali na mkubwa wake. Kamba ikakatika. Mfuko ukaenda zake. Kofia ikabaki, ikageuka juu chini, ikaanza kukusanya maji. Nimejifunza jambo kuhusu kofia za kuogea: hazijali maji yako upande gani. Zinayazuia yasitoke kwa uaminifu uleule zinaoyazuia yasiingie. Sikio la kulia la hedifoni likatoa sauti ya mtu anayemeza kidonge kikubwa, kisha likanyamaza.

Wakati huohuo Profesa akatokea chini ya mwavuli mpana kama hema. Mbele ya wateja watatu akasema nimefanana na kiporo kilichofunikwa. Wakacheka, nadhani. Sikuwasikia vizuri kwa sababu ya maji. Nao huo ni ushindi wa aina yake.

Dawa ya vitu vya umeme vilivyolowa kila mtu anaijua: mchele. Nilirudi mapema, nikazifukia hedifoni katikati ya ndoo ya mchele jikoni, nikafunika, nikaketi sebuleni na gazeti. Hesabu yangu ilikuwa kwamba leo haupikwi wali. Sikumweka mama mkwe kwenye hesabu.

Alikuja amezishika kwa vidole viwili, mkono mbali na mwili.

"Mkwe wangu, hiki ni kitu gani kwenye mchele?"

Chumba cha mbele cherehani ilikuwa inanguruma. Nilikuwa na muda wa pumzi moja.

"Ni kinga ya wadudu, mama. Inatoa sauti ambayo binadamu haisikii. Wadudu wa mchele wakiisikia, wanahama."

Akaziweka sikioni. Akasikiliza kwa makini sana, macho juu.

"Kweli siisikii," akasema.

Akarudi jikoni, akazifukia mwenyewe, akafunika ndoo. Mama mkwe ni mtu mwema, ila hajui kuweka jambo moyoni. Kabla jua halijazama, jirani yetu wa kushoto alikuwa mlangoni na ndoo yake ya maharage, anauliza zamu yake ni lini. Nikamwahidi Jumamosi. Mtu akishakuamini si vizuri kumvunja moyo.

Alhamisi, 7 Aprili

Hii ni siku ya kuandikwa kwa herufi kubwa. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umechubuka.

Asubuhi nilizifukua hedifoni. Sikio la kushoto linafanya kazi. La kulia linakohoa. Punje kadhaa za mchele zimeingia ndani, nikigeuza kichwa zinalia kama kayamba. Na kile kitufe cha kunyamazisha dunia kimekwama kikiwa kimebonyezwa. Dunia imezimwa, haiwashiki. Nikamwambia mke wangu leo ni siku ya mwisho kwa fundi, nikatoka.

Saa nne Mkuu wa kituo aliwatumia wasoma mita wote ujumbe kwamba dhoruba inakuja, warudi ofisini mara moja. Simu yangu ilikuwa ndani ya mfuko, ndani ya mfuko mwingine, chini kabisa ndani ya begi. Sikuiona wala sikuisikia. Niliona tu barabara zinabaki tupu. Nikadhani heshima yangu imefikia hatua ya watu kunipisha njia nzima.

Nikafika mtaa wa bondeni. Huko kwa wiki saba maji yamekuwa yakitoka kama machozi ya mnafiki. Mafundi wetu walikuja mara mbili, wakachimba mara mbili, wakaacha mashimo mawili na samahani. Anayelalamika kuliko wote ni mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama mrefu mwenye nyonga mbovu, ambaye tangu bomba lilegee anateka maji kwa jirani kwa kindoo kidogo, hatua kwa hatua. Ukuta wa nyumba yake umeanza kupata nyufa, na ameshaandika barua nne kwetu kuhusu nyufa hizo. Profesa ndiye aliyezijibu. Alimwandikia kwamba kimsingi nyufa ni jambo la kawaida.

Niliinama kusoma mita yake. Kioo kilikuwa na ukungu na mvua inapiga kisogoni, ikabidi nishushe kichwa mpaka karibu na ardhi. Upepo ulikuwa mkali, nikazishika hedifoni kwa mkono zisiruke. Nikakaa hivyo kitambo, maana ile namba ya mwisho sikujua ni tatu au nane.

Mwalimu alikuwa barazani. Sasa nayaona kama alivyoyaona yeye: watu wote wamekimbia mvua, na mtu mmoja tu wa idara ya maji yuko magotini kwenye tope, ana mashine masikioni, sikio chini, anaisikiliza ardhi. Akashuka na mwavuli. Midomo yake ikacheza. Nikamjibu kama nilivyowajibu wote wiki hii, yaani nikamwitikia kwa kichwa, uso mzito. Akageuka, akapunga mkono kuwaita majirani.

Nilipoinua kichwa, walikuwa watu tisa wenye miavuli wamenizunguka. Mwalimu, kwa kuogopa kuniharibia usikivu, alikuwa ameandika kwenye karatasi kwa mwandiko wa ubaoni, akaniwekea mbele ya macho: UNATAFUTA LILIPOPASUKA?

Mtu mwingine angetikisa kichwa, akaaga. Nilifikiria kufanya hivyo. Kisha nikafikiria kiti kinachozunguka. Nikainua kidole kimoja kuwataka watulie.

Mpango ulikuwa rahisi. Nizunguke kidogo kwa uzito, niiname hapa na pale, niseme uchunguzi unaendelea, niondoke. Nikaanza kutembea. Wakanifuata kwa kunyata. Wawili walivua viatu wasitoe kishindo. Nikainama penye jiwe, nikatikisa kichwa. Nikainama penye mlingoti, nikatikisa tena. Punje za mchele zikalia, nikakunja uso kama mtu aliyepata fununu. Nilikuwa naelekea kwenye kona ya nyumba ya mwalimu, ambako ndiko njia ya kutorokea, pale mguu wangu wa kulia ulipozama mpaka gotini.

Nikauvuta. Haukutoka. Nikauvuta kwa siri mara ya pili. Ukazama zaidi. Watu tisa wananitazama. Mtu aliyesimama sehemu moja bila kusogea lazima awe na sababu. Nikaelekeza kidole chini.

"Hapa," nikasema.

Wanasema nilipiga kelele ikasikika mtaa wa pili. Mwenye hedifoni hajui ukubwa wa sauti yake.

Yakaletwa majembe. Wao walikuwa wanatafuta bomba, mimi nilikuwa nautafuta mguu wangu, lakini shimo lilikuwa lilelile. Kina cha mkono mmoja hivi, jembe likagonga kitu, na maji safi yakaruka juu kama yaliyokuwa yakisubiri kuitwa. Bomba kuu, limepasuka urefu wa kiganja. Maji yakanipiga kifuani, yakapanda usoni, yakaingia masikio yote mawili ya hedifoni kwa nguvu ya mji mzima. Nilisikia "tii" ndefu nyembamba. Baada ya hapo sikusikia kitu.

Wakanivuta wanne kwa mkono wa kulia, ngozi ikachubuka, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Nikazivua hedifoni na dunia ikarudi yote kwa pamoja: mvua, makofi, mbwa, na simu yangu inaita kwenye begi. Mwalimu alikuwa ameishika ile kona ya nyumba yake kwa kiganja, kama unavyomshika mgonjwa paji la uso.

"Mwanangu," akasema, "wiki saba nawaambia watu nyumba yangu inazama, wananiona nimezeeka."

Nilimwambia ajitahidi kupumzisha ile nyonga.

Ijumaa, 8 Aprili

Mafundi wamethibitisha. Maji yalikuwa yameula udongo wote chini ya chumba chake cha kulala. Mvua mbili zaidi, wamesema, na mwalimu angeamka yuko chini pamoja na kitanda.

Ofisini niliingia nikichechemea kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Profesa akasema mbele ya wote kwamba kimsingi haiwezekani, zile ni hedifoni za muziki. Mkuu wa kituo akanigeukia, akaniuliza niliwezaje. Nikamwambia kila fundi ana siri zake. Akaniuliza tena kama ni kweli niliitwa nirudi ofisini saa nne nikakaidi. Nikasema kuna nyakati mtu anasikia wito mwingine. Hapo sikudanganya sana, maana wa kwake sikuusikia kabisa.

Kabla hajasema neno, ikaletwa barua ya mwalimu. Wino mwekundu. Mkuu wa kituo akaisoma kwa sauti, yote, kurasa mbili. Mwishoni mwalimu amenipa alama: tisini na nane kwa mia. Mbili amezikata kwa kupiga kelele.

Kisha uteuzi ukatangazwa. Kiti kinachozunguka amepewa Profesa, kwa kuwa akiambiwa arudi ofisini, anarudi. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kile kiatu kilichobaki. Lakini Mkuu akaendelea. Ameunda kitengo kipya: Kikosi cha Kusikiliza Uvujaji. Mkuu wa kikosi ni mimi. Wanakikosi ni mimi. Kazi ni nje, hasa wakati wa mvua. Meza hakuna. Nimepewa koti la njano lenye cheo changu mgongoni, herufi kubwa, zinasomeka ng'ambo ya barabara.

Nimelipima jambo hili kwa kina na ni ushindi. Profesa sasa ana dirisha, ndiyo. Lakini akiangalia dirishani, atamwona nani? Ataniona mimi napita na koti.

Jumamosi, 9 Aprili

Nilisahau kwamba leo ni Jumamosi. Jirani wa kushoto hakusahau.

Alikuja na ndoo ya maharage asubuhi mapema, na aliyefungua mlango ni mke wangu. Nilikuwa chumbani nalijaribu koti. Nikamsikia jirani anaeleza: ile mashine ya masikioni, ile inayofukuza wadudu, mama alisema inakaa kwenye mchele siku moja tu na kazi imekwisha. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza hata mara moja. Kisha akaniita kwa jina langu kamili pamoja na la babu, jambo alilofanya mara ya mwisho siku tunafunga ndoa.

Akauliza ziko wapi. Nikazileta. Akazigeuza juu chini, zikamwaga punje za mchele na maji ya kijiko kimoja juu ya kitambaa cha mteja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu matano. Hakugomba.

"Nilizivaa mara moja tu," akasema. "Kwa muda wa kushona zipu."

Akarudi kwenye cherehani yake, akaanza kushona, na mashine ikanguruma kuliko siku zote. Nilisimama pale na koti la njano, cheo mgongoni, na sikuwahi kujiona mdogo namna ile. Kwenye barua ya mwalimu kulikuwa na kurasa mbili za sifa, na hakuna hata mstari mmoja ambao ungenifaa muda ule.

Nikaenda jikoni kujificha. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia kwa upole kwamba kuhusu ile sauti ya wadudu, pengine nilitia chumvi kidogo. Hakuinua macho.

"Mwanangu, mimi ni mzee, si mjinga. Unadhani nilizifukia tena kwa ajili ya wadudu? Nilitaka zikauke."

Nikamuuliza mbona sasa alimwambia jirani.

"Nilitaka nione utafika wapi," akasema. "Na kofia yangu ya kuogea iko wapi? Na hili jiko utalipaka rangi lini?"

Jumapili, 10 Aprili

Nimepaka jiko. Kuta tatu na nusu. Nusu iliyobaki iko nyuma ya kabati.

Mchana Mkuu wa kituo akanipigia simu niende stoo. Kumbe nyuma ya mapipa ya dawa ya maji kuna sanduku la mbao ambalo halijawahi kufunguliwa tangu liletwe, kwa kuwa kila mtu alidhani ni la mtu mwingine. Tumelifungua. Ndani kuna chombo halisi cha kusikilizia mabomba: kisahani kizito cha kuweka ardhini, kiboksi chenye mshale, na hedifoni. Kubwa, nyeusi, imara. Kwenye karatasi yake imeandikwa kwamba haziogopi mvua, tope wala vumbi. Nilizishika kwa mikono miwili.

Mkuu akanisainisha kwenye daftari. Akanieleza taratibu, kama anayeongea na mtoto anayepelekwa safari, kwamba kesho wanakuja wakubwa watano kutoka makao makuu kuniona nikifanya kazi kwenye barabara ya soko, na kwamba chombo hiki ni kimoja tu, kisitoke mikononi mwangu. Nikaapa.

Nimefika nacho nyumbani. Mke wangu yuko kwenye mashine, hajanisemesha tangu jana ila "pisha" na "chai ile pale". Nimekitazama chombo. Nimemtazama yeye. Hedifoni zinachomoka kwenye kiboksi kwa kuvuta tu. Pini yake nimeijaribu kwenye redio yake, imeingia barabara, kana kwamba waliotengeneza walimfikiria.

Kibandiko cha idara nimekikwangua kwa wembe wake wa kufumulia. Nimemwambia ni zawadi. Kwamba kazini wamethamini mchango wangu, nami nimeona anayeistahili ni yeye, si mimi. Akauliza kama zinaruhusiwa kulowa. Nikasema hata baharini. Akazivaa, akakanyaga mashine, akasikiliza. Taratibu bega likashuka, kisha jingine. Tamthilia yake ilikuwa imefika mahali pazuri, kwa sababu alicheka peke yake. Akaniwekea chai mwenyewe mkononi.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anatazama. Sijui anatazama nini.

Jumatatu, 11 Aprili

Naandika nikiwa chini ya kibaraza cha duka, barabara ya soko. Mvua inapiga tangu asubuhi. Wakubwa watano wameshafika, kila mmoja na mwavuli wake. Wafanyabiashara wamesimama juu ya makreti waone vizuri. Mwalimu naye amekuja na kigoda chake, amekaa mbele. Profesa ameletwa kuandika taarifa, na karatasi zake tayari zimelowa.

Niko tayari. Koti nimelivaa. Kisahani kiko mkono wa kulia, kiboksi kiko shingoni, na kichwani nina zile hedifoni za kwanza za mke wangu, ambazo mchana kutwa jana zilikuwa kwenye kamba ya nguo. Zimekufa kabisa, lakini kwa mbali zinafanana na zilizokuwamo sandukuni. Nimezifunga kwenye kiboksi kwa waya wa chaja mbovu. Nimelifikiria jambo hili pande zote na sioni pengo. Kosa la wiki iliyopita lilikuwa kutumia hedifoni nzuri kwenye mvua. Za leo mvua haiwezi tena kuzifanya lolote.

Mkuu wa kituo amekuja chini ya kibaraza, amenifuta tope begani kwa leso yake. Amesema anajua nina wasiwasi, na kwamba mji mzima unanitegemea. Amegonga kiboksi kwa kucha, mshale haukucheza. Ameniuliza kama kweli nasikia vizuri.

Nimemwambia sijawahi kusikia vizuri namna hii.